Majina mawili, mwalimu mmoja: uchambuzi wa kisa cha mhitimu wa Daraja A

Kwa nini nimekiandika

Kila mwaka, wiki ya mwisho kabla wanachuo hawajafunga mabegi, huwa nawaomba waje darasani na vyeti vyao vyote, cha kuzaliwa kikiwemo. Nawaambia wavipange juu ya dawati na wasome majina kwa sauti, cheti kimoja baada ya kingine. Mwanzoni huwa ni kicheko. Baadaye kicheko kinakatika, maana hakuna mwaka ambao sijapata angalau mmoja ambaye karatasi zake ni za watu wawili.

Zoezi hilo halimo kwenye mtaala wa chuo chetu. Nimelitoa kwa mwalimu mmoja, nitamwita N., aliyehitimu ualimu Daraja A, yaani wa shule za msingi, mwaka 2015 na kuajiriwa serikalini miaka kumi baadaye. Ameniruhusu kuandika. Mikoa, shule, chuo alichosoma na mawakili aliowaendea nimevificha, na mambo kadhaa ya nyumbani nimeyageuza asitambulike. Miaka na taratibu za kiserikali nimeziacha zilivyo.

Usuli: mtoto wa mjomba

N. alizaliwa mwaka 1995 kijijini. Hakuandikishwa popote isipokuwa kanisani, alikobatizwa. Wazazi waliachana akiwa bado mdogo, mama akarudi kwao, na mwaka 2002 mjomba aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine akamchukua akasome. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mwalimu aliuliza jina la mtoto. Mjomba akajibu kama wajomba wengi wanavyojibu: jina la mtoto, jina lake yeye, jina la baba yake.

Hakukuwa na hila. Mtoto anakula kwake, michango atalipa yeye, na mzazi akihitajika shuleni atakayeitwa ni yeye. Daftari la mahudhurio likaandikwa N. J. K., ambapo J. ni mjomba na K. ni babu wa upande wa mama. Baba mzazi, tumwite M. S., akabaki kwenye cheti cha ubatizo peke yake, ndani ya sanduku la mama, chini ya vitenge.

Jina likapanda madarasa pamoja na mwenyewe. Mtihani wa darasa la saba 2008 ni N. J. K. Kidato cha nne 2012 ni N. J. K. Huo wa 2012 unastahili neno. Matokeo yake yalikuwa mabaya kiasi kwamba Waziri Mkuu aliunda tume, na Mei 2013 serikali ikayafuta na kuamuru yapangwe upya. N. alipata divisheni ya tatu. Shule yao ya kata ilikuwa na walimu wawili wa sayansi, mmoja akiwa likizo ya uzazi. Anapokwambia alitaka ualimu toka zamani, unamwamini.

Chuoni, chuo cha serikali, alikaa miaka miwili. Wasiojua hudhani Daraja A ni kujifunza kuandika ubaoni. Ukweli ni kwamba mwanachuo anarudia masomo ya shule ya msingi akiwa upande wa pili wa meza, anasoma saikolojia ya mtoto, upimaji na misingi ya elimu, anajifunza kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kisha anapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, yale tunayoyaita BTP. Daftari lake la mazoezi analo mpaka leo. Kwenye somo la kwanza, Hisabati darasa la pili, mkufunzi aliyemkagua ameandika kwa wino mwekundu: "Utangulizi dakika 5 kwenye andalio, dakika 20 darasani. Umeimba vizuri. Umefundisha lini?" Somo la mwisho lina alama ya A.

Mei 2015 akafanya mtihani wa mwisho wa Baraza la Mitihani, akafaulu. Cheti cha ualimu: N. J. K.

Mpaka hapo hakuna kosa hata moja. Vyeti vyake vyote vya shule, kwa tulivyoviona wakati huo, vinasema jina moja. Ninalisisitiza hili kwa sababu watu wakisikia "tatizo la majina" hufikiria aliyenunua cheti au aliyerudia darasa la saba kwa jina la mtoto wa jirani. Hizo ni kesi nyingine, nzito zaidi, na kisa hiki hakizihusu.

Mlolongo wa mambo, 2015 hadi 2023

Waliohitimu kabla yake walikuwa wakikaa nyumbani miezi kadhaa, kisha orodha inatoka, kila mtu anatafuta jina lake na kituo alichopangiwa. Mwaka 2015 mlango huo wa kupangiwa kwa mkupuo ukafungwa. N. akasubiri orodha mwaka mzima. Mwaka 2016 akaanza kufundisha shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza kwa Sh 180,000 kwa mwezi, bila mkataba wala michango ya hifadhi ya jamii. Alipouliza kuhusu usajili wa ualimu, mwenye shule alimjibu, "Wewe fundisha, hayo ya makaratasi tuachie sisi." Hayakuachiwa mtu yeyote.

Mwaka 2017 mambo mawili yalitokea, moja la nchi na moja la kwao.

La nchi ni uhakiki wa vyeti. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais John Magufuli alipokea ripoti iliyoonyesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na pia vyeti vilivyokuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Toka siku hiyo, afisa utumishi akiona majina mawili kwenye faili moja, hawazi mjomba. Anawaza ripoti ile.

La kwao ni msiba. Baba mzazi alifariki, N. akaenda kuzika. Uliposomwa wasifu wa marehemu, kwenye orodha ya watoto alitajwa N. M. S. Aliniambia: "Mkufunzi, nilikuwa na miaka ishirini na mbili, ndiyo mara ya kwanza kuitwa hivyo mbele za watu. Nikalia kuliko nilivyolia kaburini." Mwaka uliofuata akaenda RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, kuandikishwa kama kizazi kilichochelewa. Vielelezo vyake vilikuwa cheti cha ubatizo, barua ya serikali ya kijiji na mama yake mzazi. Vyeti vya shule hakuvipeleka. Cheti cha kuzaliwa kikatoka: N. M. S.

Mwishoni mwa 2019 nchi nzima ilikuwa kwenye foleni za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kwa sababu laini za simu zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na bila namba ya NIDA laini ingezimwa. N. naye akapanga foleni alfajiri, na karatasi aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa kile cheti kipya cha kuzaliwa. NIDA ikamwandika N. M. S. Jina la baba likawa limerudi. Cheti cha ualimu kikabaki na mtu mwingine.

Hakuliona tatizo hilo mpaka 2020, alipojaribu kuomba ajira kwenye mfumo wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Ukiingiza namba ya mtihani ya kidato cha nne inakuja N. J. K., na namba ya NIDA ni ya N. M. S. Dada wa kituo cha intaneti akamwambia kwa upole kabisa, "Dada, hawa ni watu wawili. Umekuja na karatasi za mwenzio?"

Siku hiyohiyo akagundua jambo la pili. Cheti halisi cha kidato cha nne hakuwa nacho. Miaka yote alikuwa akitembea na karatasi ya matokeo. Cheti chenyewe kilikuwa shuleni, kwenye kabati la mkuu wa shule, kwa sababu ya deni la michango ya madawati la Sh 35,000. Alikifuata 2021. Kilikuwa na vumbi na pembe moja imeliwa na mende, lakini picha ilikuwa safi: msichana wa miaka kumi na saba, kichwa kimenyolewa, kola ya shati imesimama upande mmoja. Kumbukeni picha hiyo.

Kuhusu majina, wakili wa kwanza alimwandikia hati ya kiapo kwa Sh 15,000, ikisema N. J. K. na N. M. S. ni mtu mmoja. Akaiambatisha. Aprili 2022 zilitangazwa nafasi 9,800 za walimu, akaomba, hakuitwa. Aprili 2023 zikatangazwa 13,130, akaomba, hakuitwa. Mtaani jibu lilikuwa moja: huna mtu. Mimi siwezi kusema alikosa kwa sababu ya kiapo. Waombaji walikuwa wengi mno kuliko nafasi, na hakuna barua iliyomweleza sababu. Ninachoweza kusema ni kwamba kila alipoomba, faili lake lilifika likiwa na swali ambalo msomaji wake hakulazimika kulijibu.

Tulivyokutana

Agosti 2023 nilikwenda shule moja ya msingi ya serikali kukagua wanachuo wangu wa BTP. Nilifika mapema, mwanachuo wangu hajaanza kipindi, nikasimama nje ya dirisha la darasa la kwanza. Watoto mia na kumi na kitu, madawati hayatoshi, wengine chini kwenye sakafu. Mwalimu amegawa vizibo vya soda kwenye vikopo vya maziwa, kila kundi kikopo chake, na kila kundi lina kiongozi wa kuhesabu kwa sauti ya chini. Mia na kumi, sauti ya chini! Kwenye kamba iliyofungwa ukuta hadi ukuta zinaning'inia silabi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni. Nikadhani ni mwalimu wa miaka ishirini kazini.

Mwalimu mkuu akanisahihisha: "Huyo wa kujitolea. Wazazi wanamchangia elfu themanini kwa mwezi, wakipata." Alikuwa ameacha shule binafsi baada ya kujifungua.

Nilipomuuliza kwa nini hajaajiriwa, alifungua mkoba akatoa bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye kona. Alikuwa akitembea nayo kila siku.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu na ulikuwa mbaya. Nilimwambia aende NIDA akarudishe jina la shule. Hesabu yangu ilikuwa ya mtu mvivu: vyeti vya Baraza ni viwili na Baraza halibadilishi jina kwenye cheti eti kwa sababu mwenyewe amebadili jina lake, NIDA ni kadi moja, basi badilisha hiyo moja. Akaenda. Wakamuuliza msingi wa mabadiliko ni upi, maana cheti cha kuzaliwa kinasema M. S. Akarudi kwangu. Nikamwambia ajaribu RITA kwanza, cheti cha kuzaliwa kibadilike, kisha NIDA ifuate.

Hapo N. akanikatalia. Alisema, "Shikamoo yako naiheshimu mkufunzi, lakini RITA nikaandike baba yangu ni nani? Mjomba?"

Nilinyamaza. Kweli, nilichokuwa namshauri ni kuandikisha uongo kwenye daftari la vizazi ili karatasi zipendeze. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa ndiyo karatasi pekee iliyosema ukweli wote, na mimi nilitaka tuanze kuharibu hiyo. Miezi minne ilikuwa imepotea, pamoja na nauli zake ambazo sijawahi kumrudishia, ingawa nilimpa mfuko wa mchele.

Uamuzi wa pili tuliufanya baada ya kusoma tangazo la ajira neno kwa neno, kazi ambayo tulipaswa kuianza nayo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yana orodha ya masharti ambayo watu huyaruka kwa sababu yanafanana kila mara: umri usizidi miaka 45, vyeti vithibitishwe na mwanasheria au wakili, karatasi za matokeo hazikubaliwi, waliosoma nje vyeti vyao vihakikiwe na mamlaka husika. Na wenye majina yanayotofautiana wawe na uthibitisho wa kisheria. Tukachagua hati ya kubadili majina, ile ambayo maofisini wote huiita kwa Kiingereza chake, deed poll.

Tofauti yake na kiapo ndiyo kiini cha kisa hiki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kiapo ni maneno yako mbele ya wakili: naapa kwamba mimi ndiye huyu na yule. Kinakaa kwenye bahasha yako. Hati ya kubadili majina ni tamko kwamba jina la zamani unaliacha, jina jipya ndilo utakalolitumia kwa mambo yote, na hati hiyo inalipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Inapata namba. Mtu aliyeko Dodoma ambaye hakujui, na ambaye ana kila sababu ya kukutilia shaka tangu 2017, anaweza kuitafuta namba hiyo bila kukuuliza chochote.

Mwelekeo wa hati nao ulihitaji kufikiriwa: jina gani liachwe? Tuliacha N. J. K. na kubaki na N. M. S. Kwa njia hiyo RITA na NIDA hazikuguswa, vyeti vya Baraza havikuguswa, na hati ikawa daraja kati yao. Tungegeuza, tungelazimika kwenda tena NIDA na benki na kila mahali. N. alikuwa na sababu yake nyingine ya kuchagua hivyo, ile ya msibani, na sikumuuliza zaidi.

Mjomba aliombwa ruhusa. Hili halimo kwenye sheria yoyote. N. alisafiri kwenda kumweleza kabla ya kusaini, akapiga magoti, akamwambia jina analiacha kwenye karatasi tu. Mzee alicheka, akasema, "Mwanangu, jina nililitoa upate kuingia darasani. Umeshaingia."

Wakili wa pili aliandika hati. Ilipokuja, jina la K. lilikuwa na herufi moja ya ziada. Alikuwa amenakili kutoka kwenye cheti cha darasa la saba, na kumbe cheti hicho na cha kidato cha nne vinatofautiana kwa herufi hiyo moja, hatukuwahi kuliona. Hati ingesajiliwa vile, ingekuwa inaunganisha mtu wa tatu. Ikaandikwa upya kwa kufuata kidato cha nne, cheti ambacho mfumo unakisoma. Mpaka inasajiliwa, wakili, stempu, usajili na nauli vilikuwa vimefika Sh 210,000. Kwa mtu wa elfu themanini, wakipata.

Matokeo

Julai 2024 zilitangazwa nafasi 11,015 za walimu, baadaye zikaongezwa 3,633. Safari hii maombi yalipitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, na walimu walitakiwa kufanya usaili, jambo ambalo wahitimu wa enzi za orodha hawakulijua. N. aliomba nafasi ya Mwalimu Daraja la III A, akapandisha vyeti viwili vya Baraza, cha kuzaliwa, na hati iliyosajiliwa.

Akaitwa. Usaili wa walimu ulifanyika mwanzoni mwa 2025. Kabla ya kuingia chumba cha mtihani kuna meza ya ukaguzi, na hapo ndipo alipotetemeka kuliko kwenye mtihani wenyewe. Msimamizi akaweka cheti cha kidato cha nne kulia na kitambulisho kushoto. Akauliza, "J. K. ni nani?" N. akatoa hati. Msimamizi akasoma, akaangalia namba ya usajili, kisha akaichukua ile picha ya msichana aliyenyolewa kichwa akaiinua usawa wa uso wa N. Akasema, "Umenenepa, mwalimu. Pita."

Mtihani wa kuandika alipita, mahojiano akapita, lakini hakupangiwa mara moja. Aliwekwa kwenye kanzidata ya waliofaulu. Miezi ya kusubiri ilikuwa mirefu. Baadaye mwaka huohuo akapata barua ya kupangiwa kituo, halmashauri ya mbali na kwao, akaripoti kwa mkurugenzi. Amepewa darasa la kwanza, na uandikishaji wa wapya ni kazi yake. Mzazi akija na jina, anaomba cheti cha kuzaliwa kabla hajaandika. Kama hakipo, anaandika kwa penseli.

Nilichokiona nikirudi nyuma

Wanachuo wangu huchanganya mambo matatu, na N. pia alichanganya. Cheti cha Baraza la Mitihani kinasema umefuzu mafunzo ya ualimu. Usajili na leseni vinasema unaruhusiwa kufundisha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilishakataza mtu kufundisha bila kusajiliwa au kupewa leseni, na Sheria Na. 6 ya mwaka 2018 ikaunda Bodi ya Kitaaluma ya Walimu kwa ajili hiyo. Ajira ni jambo la tatu, na ukishaajiriwa shule ya umma, nidhamu yako na kupanda vyeo viko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Kila mlango unasoma jina lako upya. N. aliamini amemaliza alipopata cheti cha kwanza kati ya hayo, na aliyemwambia "tuachie sisi" alifaidika na imani hiyo kwa miaka mitatu.

Kilichomsaidia zaidi hakikuwa hati peke yake. Kwanza, vyeti vyake vya shule vilikuwa vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe kwa jina lililosomwa na mfumo. Angekuwa ameingia chuoni kwa jina jingine, au ameongeza la mume katikati kama wengi wanavyofanya, tungekuwa na watu watatu. Aliolewa 2018 na hakugusa jina. Anasema ni uvivu, mimi nasema ni bahati. Pili, aliendelea kufundisha. Nimeona wahitimu waliokaa nyumbani miaka saba wakiingia kwenye usaili huku andalio la somo limeshawatoka kichwani. Yeye aliingia na chaki kwenye kucha.

Kilichokwama: mpangilio. Alibadilisha utambulisho (RITA, kisha NIDA) kabla ya kuuliza utambulisho huo utakutana na nini. Laiti mwaka 2018 angepeleka RITA vyeti vyote mezani, huenda karani angemwambia palepale kwamba atahitaji hati. Foleni ya laini za simu nayo haikumpa mtu nafasi ya kufikiri. Simlaumu. Ninaowalaumu ni sisi wa vyuoni, ambao tulikaa naye miaka miwili, tukamkagua utangulizi wa somo kwa dakika, tukamfundisha namna ya kujaza daftari la mahudhurio, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza cheti cha kuzaliwa kiko wapi. Wakati ule, akiwa bado hajajiandikisha popote, suala lake lingemalizika kwa safari moja.

Kuhusu kiapo cha Sh 15,000, nimebadilisha mawazo mara mbili. Kuna wakili rafiki yangu anayesema kiapo kinatosha mahali pengi, na ni kweli kuna ofisi zinakipokea. Shida ni kwamba mwombaji hachagui ni nani atakayelisoma faili lake. Kama huna fedha ya hati leo, weka kiapo, usikae bure. Lakini usikihesabu kama mwisho wa safari, na usimwache wakili aandike kitu kabla hujamwekea mbele cheti cha kidato cha nne umsomee herufi kwa herufi.

Na mimi? Nilitoa ushauri wa kitaalamu juu ya jambo nisilolijua, kwa sababu nimezoea kuulizwa. Siku hizi mwanachuo akiniletea majina mawili, namuuliza kwanza jina lipi ni la kweli, kisha ndiyo tunatafuta karatasi.

Yaliyobaki

Miaka yake ya shule binafsi na ya kujitolea haihesabiki popote. Anaanza ngazi sawa na aliyehitimu juzi. Amelikubali hilo kwa shingo upande.

Lipo na jingine, ambalo aliniletea mwezi uliopita kwa simu, akicheka kicheko cha kukata tamaa. Mtoto wake anatakiwa kuandikishwa shule ya awali, na alipotoa cheti cha kuzaliwa cha mtoto akakisoma vizuri kwa mara ya kwanza. Siku ya kujifungua, kadi ya kliniki ilikuwa imejazwa kwa jina alilozoea kulitamka tangu darasa la kwanza. Kwenye nafasi ya mama pameandikwa N. J. K.